Ardhi ya Ludara Ilipopata Homa

Siku Injinia alipopanda boda yangu mara ya kwanza, pale steji ya Mvara mjini Arua, nilidhani ni mganga. Alikuwa na begi zito linalolia chuma kila akilisogeza, waya mrefu umezungushwa kama nyoka aliyeshiba, na viatu vya kwenda shambani. Akaniambia twende Kuluva. Nikamwuliza, hospitali? Maana watu wengi wa Kuluva ninawapeleka hospitali, na huyu hakuwa na sura ya mgonjwa wala ya kubeba uji wa mgonjwa. Akasema hapana, anaenda kupima homa ya kisima.

Nikaendesha taratibu. Mtu anayepima homa ya kisima unaweza kumbeba, lakini si vizuri kumtikisa.

Kumbe alisema kweli. Kule kulikuwa na kisima cha kupampu kilichokufa, pampu imeng'olewa, limebaki tundu tu kwenye saruji. Akafunga kipimajoto kwenye ncha ya waya, akanipa nishike gurudumu la waya, akaanza kukishusha polepole. Mimi kunyamaza sikuzoea. Nikamwuliza huyo samaki anayemvua ni wa aina gani.

"Joto," akasema.

Akanieleza kwamba ukishuka chini ya ardhi, joto linapanda kidogo kidogo, kila mahali duniani, hata chini ya nyumba ya mtu maskini. Ila kuna mahali linapanda haraka kuliko kawaida, na hapo ukichimba mbali sana unaweza kupata maji ya moto ya kuzungusha mashine ya umeme. Kazi yake ni kutafuta mahali kama hapo huku kwetu West Nile. Wakubwa wake wako Kampala, yeye ndiye wamemtuma aje kupigwa na vumbi.

Kabla ya kurudi Mvara tayari nilikuwa na kazi. Nimbebe, nishike waya, niwaeleze wenye visima kwamba hatuweki dawa ya kuzuia watoto. Hiyo ya mwisho ilihitaji mdomo, na mdomo ninao. Shule nilifika darasa la saba, nikatoka na cheti na mdomo. Cheti kililiwa na panya. Mdomo unanilisha mpaka leo.

Injinia ni Mnyoro, anatoka ng'ambo ya ziwa, kwao kuna maji yanayochemka yenyewe kutoka ardhini, na watoto wanachemshia mayai. Amenizidi miaka michache. Mwanzoni nilimwita Dada, lakini siku alipofungua tairi langu lililopasuka, akaliziba na kulifunga mimi nikiwa bado natafuta spana, nikaanza kumwita Injinia. Yeye aliniita Dereva, kwa sauti ile watu wanayotumia kumwita paka aliyeiba samaki.

Mchana tulipima visima. Jioni alikaa kwenye baraza la gesti yake na kompyuta, anatengeneza kitu alichokiita modeli. Nilikuwa nakaa hapo kunywa chai yake, nikiangalia. Kwenye kioo kulikuwa na ardhi yote kuanzia Arua mpaka Koboko, imekatwa vipande kama visanduku, vingine juu, vingine chini, vingi mpaka macho yanachoka. Bluu ni baridi, nyekundu ni moto. Akasema kila kisanduku kina joto lake na maji yake, na kompyuta inahesabu vile joto linatoka kisanduku kimoja kwenda jirani yake, na vile maji yanapita, leo, mwaka kesho, miaka elfu ijayo. Halafu unalinganisha na ulichopima kweli. Kama havifanani, modeli inadanganya, unaanza kubadilisha.

Nikamwambia hiyo naifahamu, naishi ndani yake. Sisi tunapanga vyumba vya mstari mmoja, ukuta mmoja watu wa pande mbili. Wa chumba cha kwanza akigombana na mke wake, maneno yanapita ukutani polepole, yakifika chumba cha nne yamepoa, unasikia tu kwamba kuna mtu alikasirika. Lakini yule mama wa chumba cha pili akitoka na beseni lake, mlango kwa mlango, maneno yanafika mwisho wa mstari yakiwa moto kuliko yalipotoka.

Injinia akaweka kikombe chini. Akasema ndiyo hivyo kabisa. Ukuta ni jiwe, linapitisha joto kwa uvivu. Mama wa beseni ni maji, yeye anahitaji mlango, na mlango wa ardhi ni ufa. Kazi yote ya modeli ni kujua milango iko wapi.

Akaniambia pia kwamba huko nchi za mbali wanatumia modeli za namna hii kwa kazi ya kinyume. Wana takataka za mitambo ya nyuklia, mbaya sana, na wanataka kuzizika chini mahali ambapo maji hayatembei. Wao wanatafuta chumba kisicho na mlango, mpangaji akae humo miaka isiyohesabika na jirani asijue hata jina lake. Nikamwuliza kama anawatafutia na hao chumba huku kwetu. Akasema hapana, hapana, na hapana. Hata hivyo, habari hiyo nikaamua ibaki kwenye baraza. Koboko neno sumu likishuka kwenye boda asubuhi, mchana limeshaua watu.

Sasa, mimi ndiye nilimtajia chemchemi ya Ludara, upande wa Koboko. Alikuwa anauliza kila mtu kama anajua maji ambayo si baridi, nami nikakumbuka kwa mama yangu mdogo.

Mama mdogo ni mdogo wake mama yangu mzazi, Mkakwa kamili. Baba yangu ni Mlugbara wa Arua, kwa hiyo kule Ludara mimi nahesabiwa nusu mgeni na nusu mwizi wa muhogo. Chini ya boma lake kuna kijito, na kando ya kijito kuna maji yanatoka kwenye mawe, membamba kama mkojo wa mbuzi, lakini hayajawahi kuwa baridi, hata alfajiri ya mwezi wa kumi na mbili. Wanawake waliojifungua wanakwenda kuoga pale. Mama mdogo ndiye anayewaogesha.

Boma lake lazima nilielezee kidogo. Kuna nyumba tatu za nyasi na moja ya bati, kuna mstari wa mitiki alioipanda kwa mkono wake, kuna kaburi la mume wake lililopigwa saruji, na kuna jiko, ambalo ndilo makao makuu. Alikimbia mara mbili maishani. Mara ya kwanza akiwa msichana, kwenda Sudan. Mara ya pili akiwa na mtoto mgongoni, kwenda Kongo. Kiswahili chake alikiokota njiani huko, kila mpaka kipande. Aliporudi mara ya pili alipanda ile mitiki, na kila mtu anajua alichosema siku hiyo, kwa sababu anakirudia kwenye kila harusi. "Mimi nimekimbia mara mbili. Ya tatu, mutu anibebe."

Injinia alimpenda hapo hapo. Alipiga magoti kumsalimia, Kinyoro kabisa, na mama mdogo akaniangalia kama kusema, umeona watoto wa wenzako. Wakashuka wote wawili kwenye chemchemi. Maji yalipimwa, yalikuwa vuguvugu, si ya kuchemsha yai lakini si ya kawaida pia. Injinia akataka kujua kama yanabadilika, usiku na mchana, mvua na jua. Akatoa kidude.

Kidude chenyewe ni chuma kidogo, urefu wa kidole, kimezibwa pande zote. Ndani yake kuna kitu kinachopima joto kila baada ya muda mfupi na kukumbuka. Akakifunga kwa kamba kwenye mzizi, akakizamisha pale maji yanapotokea.

"Mama," akasema, "naomba unitunzie hii mpaka nirudi mwisho wa mwezi. Iko na kitu mbili tu. Isitoke kwa maji, na isipotee."

"Isitoke kwa maji, isipotee," mama mdogo akarudia. "Binti yangu, hata kuku yangu iko na masharti mingi kuliko hiyo."

Mwezi ulipoisha nikaenda kukichukua mchana, mama mdogo akanisindikiza mpaka kwenye chemchemi, kidude kiko pale pale, kamba yake safi, maji yanapita juu. Akanipa na kikapu cha njugu nimpelekee binti yake. Binti yake. Mimi niliyezaliwa na dada yake nikapewa muhogo wa kuchoma nile njiani.

Injinia akakichomeka kidude kwenye kompyuta, pale barazani. Ukatokea mstari. Akauangalia mpaka chai yake ikapoa.

Mchana mstari ulikuwa umelala, vuguvugu lile lile tulilopima. Lakini kila jioni, karibu na saa moja, ulipanda kama mtu anayekimbia mbwa. Ukakaa juu, halafu usiku ukashuka polepole, na asubuhi ukaanguka ghafla mahali pake. Kila siku. Siku moja tu katikati haukupanda kabisa. Na Jumapili ulianza kupanda mapema.

"Inakula jioni kama watu," nikasema.

Injinia hakucheka. Alikuwa ameshika mdomo kwa mkono. Akasema ardhi inapumua. Akasema huko chini kuna kitu kinasukuma maji ya moto kuja juu na kuyaacha tena, hajawahi kuona, hata mwalimu wake hajawahi kuona. Nikamwambia labda mwezi. Akasema mwezi hausali Jumapili.

Basi akaingia kwenye modeli na kuanza kufungua milango. Kutoka kisanduku cha chini sana mpaka kwenye chemchemi akachora ufa, akaupitisha chini ya boma. Kompyuta ikahesabu usiku kucha, na asubuhi nilipofika nikakuta chini ya Ludara kuna doa jekundu limevimba kama nyanya iliyoiva. Siku hiyo alininunulia roleksi, chapati iliyoviringishwa na mayai matatu, akamnunulia na askari wa gesti, akatuma picha ya ile nyanya kwa wakubwa Kampala.

Wakubwa walijibu haraka kuliko kawaida yao. Mashine ya kuchimba iko moja, na mwaka huu wana nafasi ya shimo moja. Lichimbwe pale. Wiki ijayo, Jumatatu, watakuja kuona mahali na kupima kiwanja, na wenye ardhi wataambiwa habari za fidia.

Nikaiangalia ile nyanya vizuri. Injinia alikuwa amechora juu yake alama ya msalaba kuonyesha mahali pa shimo.

"Injinia," nikasema, "hapo ni jiko la mama yangu mdogo."

Akasema anajua. Mashine ya namna ile haikai kwenye kona ya uwanja, inataka eneo kama la mpira, barabara yake, bwawa lake. Jiko, mitiki na kaburi, vyote vingekuwa ndani ya goli.

Nilidhani atafurahi moja kwa moja mpaka Jumatatu, lakini kesho yake nilimkuta amenuna. Kulikuwa na kitu hakikai sawa. Akanieleza hivi: jiwe ni mvivu, maji ni mepesi, lakini hata maji yana mwendo wake. Joto la chemchemi lilikuwa linapanda kwa muda wa mtu kuvuta sigara moja. Ili modeli ifanye hivyo alilazimika kupanua ule mlango ukawa geti, na alipofungua geti, chemchemi ya kwenye kompyuta ikatoka kwa nguvu kama mto. Chemchemi ya kweli ni mkojo wa mbuzi. Akipata joto, anakosa maji. Akirekebisha maji, joto linakataa kupanda. Alikuwa amejaribu kila namna.

"Kirudishe," akaniambia, akanipa kidude. "Kikae siku chache tu. Nikiona tena kitu kile kile kabla ya Jumatatu, nitakubali kwamba mimi ndiye sijui. Na umwambie Mama kuhusu shimo. Ni vibaya asikie kwa wageni."

Kwa hiyo nilikwenda Ludara na mizigo miwili, kidude mfukoni na lile neno mdomoni, na kwa mara ya kwanza mdomo ndio ulikuwa mzito. Nilimkuta anapukuchua kunde. Nilizunguka sana, nikaanza na umeme, nikaenda kwenye taa, nikasifu maendeleo, mpaka akaniambia niseme au nipukuchue. Nikasema.

Hakupiga kelele. Alimaliza kunde zilizokuwa kwenye mkono, akapangusa vumbi kwenye gauni.

"Wanichimbie hapa?"

"Hapa, Mama. Watalipa."

"Sudan pia tulilipwa. Blanketi." Akaangalia upande wa mitiki. "Na yeye pale, mume yangu? Atapanda boda yako?"

Nikatoa kidude, nikamwambia Injinia anaomba kikae tena siku chache kwenye maji, lakini kama hataki nitamwambia amekataa. Ningekuwa mimi ningekitupa chooni. Yeye akakipokea kwa mikono miwili, akashuka nacho kwenye chemchemi bila kuniambia nimfuate. Kidude hakikumkosea, alisema aliporudi, na neno alishampa binti yule. Halafu akachukua ufagio akaanza kufagia uwanja, uwanja ambao ulikuwa umefagiwa asubuhi, na akafagia mpaka nikaondoka.

Ijumaa tukaenda kukichukua, mimi na Injinia. Tulitaka kufika mchana, lakini mvua ilitushika Koboko, tukajibanza kwenye duka la mfanyabiashara wa Sudan Kusini aliyetuuzia biskuti huku akituhurumia, na tulipofika Ludara jua lilikuwa linaingia. Injinia hakutaka kupita bomani kwanza. Nadhani alikuwa anaogopa. Tukashuka moja kwa moja kwenye chemchemi.

Kamba ilikuwepo, imefungwa kwenye mzizi. Kidude hakuna.

Injinia akaingiza mkono kwenye maji, akapapasa mawe, akapapasa matope, akaingia na viatu. Mimi nikasema ni wale vijana wanaouza vyuma chakavu, hao hata kengele ya kanisa wanaiangalia kwa matamanio. Injinia akakaa juu ya jiwe. Akasema bila kile kidude hana la kuwaambia wakubwa Jumatatu. Picha wanayo. Watachimba.

Tukapanda kwenye boma kama watu waliotoka kuzika. Mama mdogo alikuwa jikoni, moshi unatoka mlangoni, maharage yanatokota. Akatuangalia miguu.

"Mbona mnatembea kama watu wameangusha ufunguo?"

Injinia akapiga magoti pale pale mlangoni. "Mama, nisamehe. Kidude kimepotea."

"Kipotee kiende wapi?"

Mama mdogo akainama. Karibu na mafiga, kimegusana kabisa na jiwe ambalo sufuria ya maharage ilikalia, kulikuwa na chungu kidogo chenye kifuniko. Akafunua. Ndani kulikuwa na maji masafi mpaka juu, na chini ya maji, kimelala kama mtoto aliyenyonya akashiba, kidude.

Injinia akasogea kwa magoti, akaingiza kidole kwenye chungu.

"Iko moto," akasema.

"Si iko karibu na moto," mama mdogo akasema, kwa sauti ya kumwelewesha mtu aliyechoka na safari.

Halafu akaeleza, polepole, kwa sababu aliona sura zetu haziko sawa. Mchana kuna watu kwenye chemchemi, hakuna mwizi. Jioni watu wanaondoka, vijana wa vyuma wanapita. Kwa hiyo kila jioni alishuka na chungu, akakizamisha ndani ya maji, akakitoa kidude kwenye kamba na kukiingiza kwenye chungu huko huko chini ya maji, hakikuonja hewa hata mara moja. Isitoke kwa maji. Akakileta nyumbani kulala. Isipotee. Asubuhi akakirudisha.

"Lakini kwa nini hapa?" Injinia akauliza. "Kwa nini karibu na moto?"

"Kitu ya maana inakaa karibu na moto," mama mdogo akasema. "Ukisikia bunduki, hauna muda ya kutafuta. Unashika mtoto, unashika sufuria, unashika ile kitu, unakimbia. Kongo nilienda na mbegu ya simsim kwa njia hiyo hiyo. Nyumba inaweza kusahaulika. Moto, mama hasahau."

Injinia akakaa chini kabisa, kwenye udongo wa jikoni, na suruali yake ya kazi. Niliona midomo yake inahesabu. Akauliza, Jumapili je? Mama mdogo akasema Jumapili maharage anaanza mapema, watu wa kanisa wanapita kula. Injinia akauliza tena, na kulikuwa na siku moja, katikati ya mwezi ule wa kwanza, hukupika? Mama mdogo akafikiri. Akasema siku ile kulikuwa na matanga kwa jirani, alipika huko, kidude kililala karibu na majivu.

Hapo ndipo nilipoangukia kuni. Nilicheka mpaka nikakosa pumzi, nikapigwa na mwiko mgongoni, nikaendelea. Mama mdogo akanidai nimweleze kinachochekesha.

"Mama," nikasema, "wakubwa wa Kampala wanataka kuchimba maharage yako."

Ilichukua muda kumwelewesha. Nilimweleza ile nyanya, na geti, na ardhi inayopumua, na alipoelewa hakucheka. Uso wake ulibadilika. Akamgeukia Injinia, akamwuliza kama ameharibu kazi yake.

"Hapana, Mama. Ulifanya kila kitu nilichosema," Injinia akasema. "Mimi ndiye sikuuliza kinalala wapi."

Nilifikiri ataahirisha. Mtu mwingine angesema, tutaona Jumatatu. Ile picha ilikuwa jambo lake kubwa la kwanza, wakubwa walikuwa wameshaisifia, na sasa alitakiwa kuwaambia kwamba alipima jiko. Lakini akainuka, akauliza mtandao uko wapi, mama mdogo akamwonyesha kichuguu nyuma ya choo. Akapanda juu yake na simu, tukabaki jikoni tunasikia upande mmoja tu.

"Ndiyo, mkubwa. Hapana, si ya ardhi. Ya jiko. Jiko, mkubwa. La kupikia." Kimya kirefu. "Maharage."

Mama mdogo alikuwa anasonga ugali, lakini mwiko ulikuwa umesimama. Tulisikia Injinia akisema ndiyo, ndiyo, nitatuma, ndiyo. Halafu akashuka, akanawa mikono, akakaa kwenye mkeka.

"Hawaji Jumatatu," akasema. "Wanataka nihesabu upya kwanza."

Mama mdogo akaendelea kusonga. Alimwekea Injinia sahani iliyojaa mpaka ikatisha, na Injinia akala yote, yale maharage yale yale.

Kuhesabu upya kulichukua siku kadhaa. Alizitupa jioni zote na usiku wote, akabakisha saa ambazo kidude kilikuwa kwenye chemchemi kweli. Geti likawa mlango tena, mlango ukawa tundu la funguo. Niliangalia ile nyanya inavyosinyaa kila kompyuta ilipomaliza mzunguko. Mwisho ikabaki njano kidogo, mbali sana chini. Injinia akanionyesha kinachotokea huko: maji ya mvua yanazama kwenye vilima, yanashuka na ufa mwembamba, yanapata joto la kawaida la ardhi, yanarudi juu kabla hayajapoa. Basi. Sasa joto lilikaa sawa na maji yalikaa sawa, vyote kwa pamoja. Modeli ilikuwa haidanganyi tena, ila ilikuwa haina kitu. Shimo likapelekwa upande mwingine, mbali, hata Koboko si karibu. Kazini hawakumfukuza Injinia, ila kwa muda mrefu hakuna aliyemwandikia ujumbe bila kuulizia maharage yanaendeleaje.

Tukaenda pamoja kumpa mama mdogo habari. Mimi njiani nilikuwa naimba. Nilikuwa nimeshajiona nabebwa, labda nachinjiwa hata jogoo.

Tulimkuta chini ya mitiki yake, anapogoa matawi ya chini. Injinia akapiga magoti, akamwambia kwa heshima zote kwamba mashine haiji. Boma liko salama, kaburi liko salama, hakuna atakayemhamisha, ni neno la wakubwa wenyewe. Mama mdogo akafumba macho kidogo. Akaweka panga chini. Akagusa mti uliokuwa karibu naye, kwa kiganja, na kiganja kikabaki pale.

Halafu akauliza mashine imekwenda wapi. Injinia akamtajia.

"Huko maji yao iko moto kuliko yangu?"

"Tunafikiri hivyo, Mama."

"Na yangu?"

Injinia akatafuta neno. "Yako ni vuguvugu."

"Vuguvugu," mama mdogo akasema, kama mtu aliyeambiwa binti yake si mbaya sana wa sura. Akatazama upande wa kijito. Akasema watoto wote wa Ludara wameogeshwa pale, kila mmoja, hata huyu mwenye boda aliletwa pale akiwa na siku saba, na hakuna aliyelia baridi. Akatuuliza kama wakubwa wanajua hiyo. Injinia akasema hapana, hiyo hakuiweka kwenye modeli.

Mama mdogo akachukua panga lake, akarudi kwenye tawi. Alikata mara mbili, tatu. Akaongea bila kugeuka.

"Waambie wasikuje," akasema. "Lakini waambie iko moto."